Jinsi ya Kugawa Rasilimali Chache Baina ya Mikoa Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa

Mwongozo huu unamlenga mtu au kamati iliyokabidhiwa jukumu la kuamua ni mkoa upi upewe nini pale ambapo ugonjwa unaenea katika mikoa kadhaa kwa wakati mmoja na akiba iliyopo, iwe ni chanjo, dawa, vipimo, oksijeni au wauguzi, haitoshelezi maombi yote. Kazi hiyo hufanywa kwa haraka, chini ya shinikizo la viongozi wa kila upande, na kwa takwimu ambazo daima zina kasoro. Katika hali hiyo ni rahisi kukimbilia mojawapo ya kanuni mbili zinazoonekana kuwa za haki lakini ambazo mara nyingi hugharimu maisha: kugawa sawa kwa sawa, au kugawa kwa kufuata idadi ya wagonjwa walioripotiwa wiki iliyopita. Ninalosisitiza hapa ni kwamba shehena ielekezwe mahali itakapoleta tofauti kubwa zaidi siku itakapofika na kuanza kutumika, na kwamba uamuzi huo urudiwe mara kwa mara kwa kanuni inayojulikana na wote, kwa kuwa ramani ya ugonjwa hubadilika kabla hata malori hayajarudi.

Fahamu kwanza unachogawa

Kabla ya kufungua jedwali lolote la wagonjwa, tenganisha rasilimali zako kwa tabia zake. Kuna vitu vinavyotumika mara moja na kwisha, kama vile dozi za chanjo, vitendanishi vya maabara na mavazi ya kujikinga. Ukivipeleka mahali pasipostahili, haviwezi kurejeshwa kwa urahisi, na vingine vitaharibika vikiwa huko. Kuna vifaa vinavyotumika tena na tena, kama mashine za kusaidia kupumua, na hivi kwa hakika huazimwa tu, hata kama hati ya makabidhiano haisemi hivyo. Aprili 2020 jimbo la Oregon nchini Marekani lilipeleka mashine 140 za kupumulia New York kwa sababu kilele cha maambukizi kilikuwa kinaipiga New York kwanza. Uamuzi wa namna hiyo hauwezekani bila orodha inayoonesha kila kifaa kilipo, hali yake, na nani anawajibika kukirudisha.

Watumishi ni kundi la tatu, na ndilo linalosahaulika zaidi. Muuguzi wa wagonjwa mahututi hagawanyiki kati ya mikoa miwili, huchoka, huugua, na ana familia. Kumhamisha kunahitaji malazi, posho, ruhusa ya kufanya kazi nje ya kituo chake, na tarehe ya kurudi nyumbani inayoheshimiwa. Mara nyingi yeye ndiye kikomo halisi cha huduma. Mashine ishirini za kupumulia zilizopelekwa hospitali yenye wauguzi wanaotosha mashine nane ni mashine nane tu, na zile kumi na mbili zilizobaki zimenyimwa mkoa mwingine bila faida kwa mtu yeyote. Kwa hiyo, katika kila ombi, uliza ni kitu gani kinachokwamisha huduma kwa sasa, kisha ugawe hicho. Ombi la vitanda linaweza kuwa, kwa undani wake, ombi la oksijeni, na ombi la chanjo linaweza kuwa ombi la majokofu na magari.

Amueni lengo kabla ya kuona majina

Kamati inapaswa kukubaliana kwa maandishi inataka kupunguza nini hasa, na ifanye hivyo kabla ya kuona mgao ambao kila lengo ungeuleta, kwani baada ya hapo kila mjumbe atatetea lengo linaloupendelea mkoa anaoufahamu. Kupunguza vifo, kupunguza maambukizi, na kupunguza tofauti kati ya walio na huduma na wasio nayo ni malengo matatu tofauti, na hayatoi mgao uleule. Ukilenga vifo, chanjo huelekea kwenye mikoa yenye wazee na wagonjwa wa kudumu wengi. Ukilenga maambukizi, huelekea mahali ugonjwa unapoenea kwa kasi, hata kama wakazi wake ni vijana.

Ushauri wangu ni kuweka vifo mbele, halafu kuingiza usawa ndani ya hesabu yenyewe badala ya kuuacha uwe tamko la utangulizi. Machi 2021 California ilitenga asilimia 40 ya dozi za chanjo ya UVIKO-19 kwa robo ya maeneo yaliyokuwa na hali duni zaidi kwa kipimo cha mazingira ya afya, na hatua hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu ilitajwa kwa namba, ikaweza kukaguliwa. Mikoa maskini huwa na hospitali chache, wakazi wanaoishi kwa msongamano na wafanyakazi wasioweza kubaki nyumbani, kwa hiyo wagonjwa wale wale kumi huko wana hatari kubwa zaidi ya kufa. Kuupa mkoa wa namna hiyo uzito wa ziada kunaendana na lengo la kupunguza vifo kuliko inavyodhaniwa.

Epuka kabisa kigezo kinachopatikana kirahisi lakini kisichohusiana na hitaji. Aprili 2020 serikali ya Marekani iligawa dola bilioni 30 za kwanza za kuzisaidia hospitali na watoa huduma kwa kufuata sehemu ya malipo ambayo kila mmoja alikuwa amepokea mwaka 2019 kutoka bima ya umma ya wazee. Fedha zilitoka haraka, na wepesi huo una thamani yake, lakini majimbo yaliyokuwa na wagonjwa wachache yalipata kiasi kikubwa zaidi kwa kila mgonjwa kuliko New York iliyokuwa imeelemewa. Kigezo cha aina hiyo hugawa kwa ukubwa wa biashara ya jana, na kila janga litakupa kishawishi cha kukitumia kwa sababu takwimu zake ziko tayari mezani.

Takwimu zisomwe kwa mashaka

Idadi ya wagonjwa walioripotiwa hupima vitu viwili kwa pamoja: ugonjwa ulivyo, na uwezo wa mkoa wa kuugundua. Mkoa wenye maabara nzuri huonekana mgonjwa, na mkoa usio na maabara huonekana salama. Ukigawa vipimo kwa kufuata idadi ya wagonjwa, utawapa vipimo wale ambao tayari wanavyo, watagundua wagonjwa wengi zaidi, na mgao unaofuata utawapendelea tena. Mzunguko huo ni hatari kwa sababu hauonekani kama upendeleo. Kila hatua yake ina takwimu za kuihalalisha.

Kipimo rahisi cha kugundua tatizo hili ni asilimia ya vipimo vinavyotoa majibu chanya. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitaja kiwango cha chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili, kwa nchi zinazopima kwa upana, kuwa moja ya dalili kwamba UVIKO-19 umedhibitiwa. Mkoa unaoripoti wagonjwa wachache huku robo au theluthi ya vipimo vyake ikiwa chanya unaona sehemu ndogo tu ya ugonjwa wake. Linganisha pia na vyanzo ambavyo haviitegemei maabara: idadi ya wanaolazwa, matumizi ya oksijeni, vifo vyote vilivyosajiliwa ikilinganishwa na msimu kama huo miaka iliyopita, hata taarifa za wahudumu wa afya ya jamii kuhusu mazishi. Hizi huchelewa au hukosa usahihi, lakini zinapokubaliana dhidi ya takwimu rasmi, ziamini zenyewe.

Kutokana na hayo, sehemu ya vipimo igawiwe kwa ajili ya kujua na si kwa ajili ya kutibu tu. Mkoa ulio kimya, unaopakana na mkoa wenye mlipuko na ulio na barabara kuu inayopita katikati yake, unastahili vipimo hata kama haujaripoti mgonjwa hata mmoja, kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha mgao mzima.

Piga hesabu ya siku ya kufika

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Kati ya siku ya uamuzi na siku ambayo kifaa kinaanza kumhudumia mgonjwa kuna muda wa kupakia, kusafirisha, kufunga na kufundisha. Kama muda huo ni wiki mbili na wagonjwa wanaongezeka maradufu kila wiki, basi mkoa utakaoukuta utakuwa na wagonjwa mara nne ya ulio nao leo. Kwa hiyo, kwa kila mkoa, andika mambo manne: wagonjwa wapya kwa wiki, muda unaochukua idadi hiyo kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu, uwiano wa wanaohitaji rasilimali husika pamoja na muda wanaoihitaji, na kiasi ambacho mkoa tayari unacho na kinafanya kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye mikoa mitatu na mashine 60 za kuzalisha oksijeni, kila moja ikitosha kitanda kimoja, ambazo huchukua wiki mbili kusafirishwa na kufungwa. Mkoa wa kwanza umeripoti wagonjwa wapya 400 wiki iliyopita, lakini idadi hiyo inapungua kwa nusu kila wiki mbili. Mkoa wa pili umeripoti 100, na idadi inaongezeka maradufu kila wiki. Mkoa wa tatu umeripoti 40 tu, ikiongezeka maradufu kila wiki mbili. Hata hivyo, theluthi ya vipimo vyake ni chanya, na wataalamu wanakadiria kwamba wagonjwa halisi ni mara mbili ya walioripotiwa. Baada ya wiki mbili, basi, tunatarajia wagonjwa wapya 200 katika mkoa wa kwanza, 400 katika wa pili na 160 katika wa tatu. Tukichukulia kwamba mtu mmoja kati ya kumi huhitaji oksijeni kwa wastani wa siku 10, tutapata watu 20, 40 na 16 wanaolazwa kila wiki. Gawa kila idadi kwa siku 7, kisha uzidishe kwa 10, na utaona kwamba mikoa hiyo itahitaji takriban vitanda 29, 57 na 23 kwa wakati mmoja. Mkoa wa kwanza una vitanda 30 vyenye oksijeni, wa pili una 10 na wa tatu una 5. Upungufu wao, kwa mpangilio huo, ni sifuri, 47 na 18, yaani jumla ya 65.

Linganisha sasa kanuni tatu. Ukigawa kwa kufuata ripoti za wiki iliyopita, mkoa wa kwanza utapata takriban mashine 44, wa pili 11 na wa tatu 5. Mashine 44 zitafika mahali ambapo vitanda vinaanza kuwa vitupu, huku mkoa wa pili ukipungukiwa na 36. Ukigawa sawasawa, yaani 20 kwa kila mkoa, mashine 20 zitakaa bila kazi katika mkoa wa kwanza na mkoa wa pili utapungukiwa na 27. Ukigawa kwa upungufu unaotarajiwa, huku ukiacha mashine 6 ghalani kama akiba, mkoa wa pili utapata 39 na wa tatu 15, na upungufu utakuwa 8 na 3 kabla ya akiba kuguswa. Vifaa ni vile vile na bajeti ni ile ile, lakini idadi ya wagonjwa wanaokosa oksijeni inatofautiana sana.

Hesabu hii ina udhaifu ambao mtumiaji lazima aujue. Katika mkoa ambao ugonjwa unapungua, bado kuna waliolazwa wiki zilizotangulia, kwa hiyo vitanda vinavyohitajika huzidi kidogo vile ambavyo kanuni inaonesha. Katika mkoa ambao ugonjwa unapanda, kinyume chake ndicho kweli. Wagonjwa ambao maabara haikuwagundua huwa na dalili nyepesi kwa wastani, na kuwahesabu wote kwa uwiano wa mmoja kwa kumi kunaweza kukuza hitaji la mkoa wa tatu. Vilevile, ongezeko la maradufu haliendelei bila kikomo. Watu hubadili mwenendo, masoko hufungwa, na kasi hupungua. Fanya hesabu mara tatu, kwa kasi ya juu, ya kati na ya chini, na kama mkoa uleule unaongoza kwa upungufu katika hali zote tatu, tuma bila kusita. Pale ambapo majibu yanatofautiana, tuma kiasi ambacho kitahitajika hata katika hali ya chini, na sehemu iliyobaki isubiri ripoti ya wiki inayofuata.

Kadiri muda wa kufika unavyorefuka, ndivyo kufuata moto wa leo kunavyopoteza maana. Wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, baadhi ya vituo vya matibabu vilivyoanza kujengwa Liberia mwaka 2014 vilikamilika maambukizi yakiwa yameshashuka, na baadhi havikupokea hata mgonjwa mmoja wa Ebola. Nia ilikuwa njema na hitaji lilikuwa la kweli siku ya uamuzi, lakini ugonjwa ulikwenda haraka kuliko saruji. Kwa rasilimali inayochukua miezi, ni busara zaidi kugawa kwa idadi ya watu, umri wao na udhaifu wa huduma zao, kwa kuwa mambo hayo hayabadiliki kwa wiki chache. Mpango wa COVAX, uliogawa chanjo za UVIKO-19 kwa nchi mbalimbali duniani, ulifuata mantiki ya namna hiyo ulipoanza: katika awamu ya kwanza nchi zilitengewa dozi kwa uwiano wa idadi ya watu hadi kufikia asilimia 20 ya wakazi. Kwa rasilimali inayofika ndani ya siku chache, fuata mlipuko wenyewe.

Chanjo: kukusanya au kutawanya

Kwa vitanda na oksijeni, kila kitanda au mashine inayoongezwa humsaidia mgonjwa mmoja, na hesabu ya upungufu inatosha. Chanjo ni tofauti, kwa sababu anayechanjwa huwakinga pia wanaomzunguka. Dozi zilizotawanywa kwa uchache kila mahali zinaweza zisikate maambukizi popote, ilhali dozi zilezile zikikusanywa mahali pamoja zinaweza kuuzima mlipuko mzima kabla haujafika kwa jirani. Surua, kwa mfano, huhitaji takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isienee. Kuuinua mkoa kutoka asilimia 40 hadi 50 kutawakinga waliochanjwa, lakini hakutauzuia ugonjwa.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka katika vita dhidi ya ndui. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege na wenzake walikabiliwa na mlipuko wakiwa na chanjo chache mno kuweza kuchanja umma wote. Waliwasaka wagonjwa kijiji kwa kijiji, wakachanja watu waliowazunguka pamoja na maeneo ambayo ugonjwa ungeweza kuelekea, na maambukizi yakakatika bila kuhitaji kuchanja kila mtu. Mbinu hiyo ikawa nguzo ya kampeni ya dunia. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya asili aligunduliwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Mwaka 2015 utaratibu wa kuwachanja waliotangamana na mgonjwa pamoja na waliotangamana nao ulitumika Guinea kuijaribu chanjo ya Ebola, na ukaonesha kinga ya kiwango cha juu.

Njia hii inafaa pale ambapo wagonjwa hutambulika kwa urahisi, ugonjwa hauenei sana kabla ya dalili, na kuna timu za kutosha za kuwafuatilia waliotangamana nao. Kwa ugonjwa unaoenezwa kwa hewa na watu wasio na dalili, duara la kuchanja huwa limeshavukwa kabla ya kuchorwa. Hapo elekeza dozi kwenye maeneo yenye maambukizi mengi kwa ukubwa wa mtaa au wilaya. Ontario, nchini Kanada, ilifanya hivyo Mei 2021 kwa kupeleka nusu ya dozi zake kwenye maeneo yenye maambukizi makali kwa wiki mbili.

Usisahau swali la iwapo dozi yenyewe inaweza kugawanywa. Mwaka 2016, homa ya manjano ilipoivamia Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na akiba ya dunia ikakaribia kuisha, zaidi ya watu milioni 7 jijini Kinshasa walipewa moja ya tano ya dozi ya kawaida, kwa kuwa tafiti zilikuwa zimeonesha kwamba kiasi hicho kinatosha kuleta kinga ya muda. Oktoba 2022, milipuko ya kipindupindu ilipozidi akiba, kundi la kimataifa linaloratibu utoaji wa chanjo hiyo lilisimamisha utaratibu wa dozi mbili katika milipuko na kutoa moja. Maamuzi ya namna hii ni ya wataalamu wa chanjo, na hayafai kubuniwa na mgawaji. Wajibu wako ni kuwauliza mapema, kwa sababu jibu la ndiyo linaweza kuzidisha ghala lako maradufu kwa siku moja.

Akiba, vifungashio na mambo ya ghala

Usitoe kila kitu. Acha sehemu ya kumi, au zaidi kidogo kama takwimu ni mbovu, katika ghala la kati linaloweza kufikia mikoa yote kwa haraka. Akiba moja ya pamoja hufanya kazi kubwa kuliko akiba ndogo zilizotawanywa, kwa kuwa makosa ya makadirio hayatokei kila mkoa kwa wakati mmoja. Anayezidiwa hukopa nafasi ya aliyebahatika. Lakini akiba isiyo na sheria ya kufunguliwa hugeuka kuwa hazina ya wenye simu za wakubwa. Andika mapema kigezo cha kuifungua, kwa mfano vitanda vyenye oksijeni kujaa zaidi ya asilimia 90 kwa siku mbili mfululizo, na utaje nani anasaini usiku.

Hesabu za karatasi lazima zikubaliane na vifungashio. Chanjo ya Pfizer dhidi ya UVIKO-19 ilisafirishwa mwanzoni kwa trei za vichupa 195, yaani takriban dozi elfu moja kwa trei, na ilihitaji kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto kati ya 60 na 90 chini ya sifuri; mkoa uliostahili dozi mia tatu haungeweza kupewa mia tatu bila mtu kugawanya trei mahali penye vifaa vya kufanya hivyo. Pale ambapo mgawanyo unaleta sehemu zisizo kamili, toa kwanza namba kamili kwa kila mkoa, kisha vipande vilivyobaki viende kwa mikoa yenye masalio makubwa zaidi. Mikoa ikilingana kabisa, piga kura ya bahati mbele ya mashahidi. Kura ni ya haki kuliko uchovu wa wajumbe saa sita ya usiku.

Wakati mwingine ni rahisi zaidi kumhamisha mgonjwa kuliko kuhamisha huduma. Machi 2020 Ufaransa iliwachukua wagonjwa mahututi kutoka mashariki, kulikoelemewa, na kuwapeleka magharibi kwa treni ya kasi iliyogeuzwa kuwa wodi. Vitanda, mashine na wauguzi walibaki pale walipo. Katika kila mgao wa vitanda, weka safu moja ya kuuliza kama njia hiyo inawezekana.

Maombi yaliyovimba

Mikoa ikizoea kupewa nusu ya inachoomba, itaomba mara mbili. Hakuna uovu mkubwa ndani yake. Mganga mkuu wa mkoa anawatetea watu wake, na anajua jirani yake naye anafanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba maombi hayabebi tena taarifa yoyote. Tiba yake ni kugawa kwa hesabu ya hitaji iliyofanywa na kamati kwa takwimu zinazokaguliwa, na kuyatumia maombi kama njia tu ya kugundua jambo ambalo hesabu haikuliona. Omba ripoti ya kile kilichotumika na kilichobaki, tuma wakaguzi kwa sampuli bila kutangaza, na hakikisha kwamba mkoa unaosema ukweli kuhusu akiba yake hauadhibiwi kwa kunyang'anywa yote. Ukiuahidi mkoa, kwa maandishi, kwamba ukizidiwa utafikiwa ndani ya muda fulani, na ukaitimiza ahadi hiyo mara ya kwanza tu, hofu inayosababisha kuficha itapungua sana. Kundi la kimataifa la chanjo nililolitaja juu, ambalo liliundwa mwaka 1997 baada ya milipuko ya homa ya uti wa mgongo barani Afrika, hulenga kujibu ombi lililokamilika ndani ya siku mbili za kazi, na naamini uharaka huo una uzito sawa na ubora wa uamuzi wenyewe.

Tangazeni kanuni na mgao kwa pamoja, siku ileile, kwa mikoa yote: kila mkoa ulihesabiwa kuhitaji nini, ulipewa nini, na kwa nini. Mkoa uliopata sifuri unastahili maelezo marefu kuliko mwingine wowote, na unastahili kuambiwa ni dalili gani zitakazobadilisha jibu hilo. Fungua njia ya rufaa yenye muda mfupi, isiyosimamisha shehena iliyokwisha kuondoka, na inayosikilizwa na mtu ambaye hakuandaa mgao. Rufaa nyingi zitakuwa za malalamiko, lakini chache zitakuletea taarifa ambayo jedwali lako halina, kama vile daraja lililokatika au mtambo wa oksijeni ulioharibika jana.

Kurudia na kurejesha

Pitia mgao kila wiki ugonjwa unapokuwa na kasi, na kila baada ya wiki mbili unapotulia. Katika kila kikao, anza kwa kulinganisha makadirio ya wiki iliyotangulia na hali iliyotokea, mkoa kwa mkoa, na andika tofauti hiyo kwenye kumbukumbu. Kama makadirio yamekuwa yakizidi kwa mkoa mmoja mara tatu mfululizo, rekebisha kigezo chake badala ya kumlaumu aliyeripoti. Angalia pia kiasi kilichotumika kati ya kile kilichopokelewa: mkoa uliotumia theluthi tu ya dozi zake unaweza kuwa na kikwazo cha watumishi au cha imani ya wananchi, na kuuongezea dozi hakutakiondoa. Simamisha nyongeza, tuma msaada wa kuondoa kikwazo, kisha urudishe mgao.

Kurejesha vifaa kunahitaji makubaliano yaliyosainiwa siku ya kuvipokea. Taja ndani yake kiwango cha wagonjwa ambacho kikifikiwa mashine zitaondoka, nani atagharamia usafirishaji na usafishaji, na nani atakayezikagua kabla hazijawashwa mahali pengine. Mkoa uliopona upewe haki ya kubaki na kiasi kinachotosheleza wimbi dogo la pili, kwa kuwa hakuna mganga atakayeachia kifaa chake cha mwisho kwa hiari, na ukimlazimisha mara moja hatakuonesha cha pili. Mashine zilizobaki zihesabiwe kama sehemu ya ghala la kati hata zikiwa bado zimesimama wodini kwake, na ziingie kwenye jedwali la mgao wa wiki inayofuata.